Makaa Chini ya Godoro la Mama

Juzi nilikuwa Kondele, hapa Kisumu, nikitafuta kamba ya kuanikia nguo, nikapita mbele ya duka la dawa za mifugo. Mlangoni walikuwa wamepanga katoni zenye matundu ubavuni, na kwenye matundu hayo ikatoka harufu ambayo sikuwa nimekutana nayo kwa miaka mingi: unga wa mbao, chakula cha kuku kilicholowa maji, na lile joto la vifaranga waliobanana. Si harufu nzuri. Mtu mwingine angeziba pua. Mimi nilisimama pale mpaka kijana wa duka akaniuliza, "Mathe, unachukua wangapi?"

Nikamwambia sichukui. Lakini sikuondoka. Mawazo yalikuwa yamekwisha kunipeleka nyumbani kwetu, chini kidogo kabla ya kufika Dunga, pale shamba letu lilipokoma na mafunjo ya ziwa yakaanza.

Ninyi wa rika langu mnayajua maisha yale. Nyumba ya mabati yenye ukuta wa udongo uliopakwa simiti nje tu, jiko la nyuma lililojaa moshi, na boma lisilokuwa na mpaka kati ya watu na kuku. Ukikaa kula, kuku yuko hapo. Ukiacha mlango wazi, bata amepanda kiti cha wageni. Baba alikuwa fundi wa injini za boti pale ufukweni, na jioni alirudi akinuka petroli na samaki kwa pamoja. Nyanya yangu mzaa baba, niliyemwita Dani kama watoto wote wa kwetu, alikuwa na nyumba yake ndogo hapo hapo bomani. Na Mama alikuwa na kuku.

Nasema kuku walikuwa wa Mama kwa sababu hakuna mwingine waliyemsikia. Alikuwa na mwito wake, sauti fulani aliyoitoa kwa ulimi na koo, ambayo mimi nilijaribu kuiga mpaka nikakohoa. Akiitoa mara moja tu, kuku walitoka chini ya ghala, kwenye migomba, kwa jirani, wakija mbio huku wamekunjua mabawa. Aliwajua kwa tabia zao. Alijua nani mwizi wa mayai ya mwenzake, nani mwoga, nani hutaga kwenye majani ili asionekane.

Mwaka ule mvua ndefu zilianza kwa nguvu. Asubuhi moja Mama na Baba walikwenda hospitali, na waliporudi Mama alikuwa akitembea polepole kama mtu aliyebeba beseni la maji kichwani bila ngata.

"Daktari amesema alale," Baba alimwambia Dani.

"Alale mpaka lini?"

"Mpaka mtoto awe tayari."

Dani akaanza kutoa viti sebuleni. Mila yetu haimruhusu mama mkwe kuingia chumba anacholala mwanawe, na Dani ndiye angemtunza Mama mchana, kwa hiyo kitanda kilihamishiwa sebuleni, karibu na dirisha. Mama akapanda juu yake na hakushuka isipokuwa kwenda chooni.

Mwaka uliotangulia palikuwa na mtoto mwingine tumboni mwake, kisha hakuwapo. Mimi sikuambiwa alikokwenda. Niliona tu nguo ndogo ndogo zikirudishwa sandukuni, na Mama akikaa kwenye banda la kuku saa nyingi bila kufanya kazi yoyote. Kwa hiyo, ingawa hakuna aliyenieleza, nilijua kwamba kulala huku hakukuwa kwa mchezo. Watu wazima walianza kuongea kwa sauti za chini. Hata Baba, ambaye hupiga mluzi tangu anaamka, aliacha.

Kisha akaja Waya Risper. Waya ni shangazi, dada yake Baba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Alikuja kutoka sokoni na mfuko wa ndizi, akasimama katikati ya sebule akamnyooshea Mama kidole.

"Mama Akinyi, sikia vizuri. Hii mimba sasa ni yai. Umeskia? Yai! Ukijisongesha vibaya, imepasuka. Lala hapo."

Akinyi ni mimi. Nilikuwa nimekaa chini ya meza, bado sijang'oa hata jino moja, na maneno hayo yaliniingia moja kwa moja. Hii ni yai. Lala hapo.

Kumbe wiki hiyo hiyo kuku wetu mmoja alikuwa amelala pia. Alikuwa kuku wa madoadoa tuliyemwita Madam, kwa sababu alitembea akiinua miguu juu na kutazama watu kwa jicho moja kama mwalimu wa darasa la kwanza. Madam alikataa kutoka kwenye kiota. Ukimkaribia alitutumua manyoya akawa mkubwa mara mbili, akatoa sauti kama mlango usiopakwa mafuta. Mama alikuwa kitandani, hivyo kazi ya kuku ikawa yetu, mimi na Dani.

"Nyakwara, mjukuu wangu, njoo nikuonyeshe," Dani akaniambia. Tukaingia bandani. Alichukua beseni kuukuu lililotoboka, akalitandika majani makavu, akayapanga mayai humo, akamwinua Madam kwa mikono miwili na kumweka juu yake. Kabla hajamweka, alitumbukiza vipande vya makaa pembeni.

"Makaa ya nini, Dani?"

"Ya radi. Mvua ya huku ina kelele. Ngurumo ikipiga na hakuna makaa, yai linashtuka ndani, linaharibika."

Basi nikajifunza sheria za kuku anayelala. Asisumbuliwe. Asiangaliwe na watu asiowazoea, maana jicho geni humfanya ashuke, na akishuka mayai yanapoa. Apewe maji karibu. Apewe dagaa kidogo, hasa omena waliopondwa, maana kulala kunamaliza nguvu. Na mayai yageuzwe. Nilimwona Madam mwenyewe akiyageuza kwa mdomo, taratibu, moja baada ya jingine, ili yapate joto pande zote.

Nilitoka bandani siku hiyo nikiwa nimeelewa kila kitu. Hakuna aliyekuwa amenieleza namna mtoto anavyopatikana, na sasa haikuhitajika. Daktari amesema Mama alale. Dani amesema kuku alale. Waya amesema ni yai. Nilishangaa tu jinsi watu wazima walivyokuwa wazembe, kwa sababu nyumbani hakuna aliyekuwa akifuata sheria hata moja.

Nikaanza mimi. Asubuhi nilimpelekea Mama omena niliowaponda kwa mwiko, kwenye kisahani. Alinitazama, akawatazama omena, akala. Alikula wote. "Asante, mama," akaniambia, kwani kwetu mtoto wa kike huitwa mama na mama yake. Mchana nikaona hajageuka.

"Mama, geuka."

"Nigeuke niende wapi?"

"Umelala upande mmoja tangu asubuhi. Litapata joto upande mmoja tu."

"Nesi alisema nilalie ubavu wa kushoto."

"Nesi hajui kuku," nikasema.

Mama alidhani ni utani wa kitoto. Aligeuka kidogo ili kunifurahisha, nami nikaridhika, nikapenyeza mkono chini ya shuka kuhakikisha joto. Tumbo lilikuwa na joto zuri. Ndani yake kitu kikasogea, kikapiga kiganja changu. Nilikimbia hadi bandani kumwambia Madam, kwa sababu sikuona mwingine ambaye angelielewa jambo hilo.

Ugumu ulikuwa wageni. Watu wa kwetu wakisikia mtu amelala, wanakuja. Walikuja wanawake wa kanisani, wakaja majirani, na kila mmoja alitaka kumtazama Mama kwa macho yake. Nikaweka kigoda changu mlangoni. Waliokuja niliwaambia Mama amesinzia. Waya Risper alipokuja mara ya pili, na mfuko mwingine wa ndizi, nilinyoosha mikono nikaziba mlango mzima.

"Waya, huwezi kuingia."

"Nini?"

"Utamfanya ashuke."

"Ashuke wapi? Yawa! Huyu mtoto anaongea nini? Toka hapo!"

Aliniinua kwa kwapa kama anayeondoa mzigo njiani, akaingia. Lakini hakusahau. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba mtu mmoja nilimruhusu kila siku bila swali, na mtu huyo hakuwa hata wa ukoo wetu.

Huyo alikuwa Mama Rukia. Alikaa mtaa wa Kaloleni, mjini, na kwa miaka mingi alikuwa akija kwetu kuchukua mayai na mara moja moja bata, maana yeye alikuwa akipika mahamri na mayai ya kuchemsha na kuyauza barabarani. Watu wake walikuja Kisumu zamani sana kutoka pwani, lakini yeye alizaliwa hapa, na Dholuo chake, lugha yetu sisi, kilikuwa kitamu kuliko cha Baba. Yeye na Mama walipendana. Wakikaa pamoja bandani walicheka mambo ambayo sikuyaelewa. Tangu Mama alale, alikuwa akileta uji wa mtama wenye tangawizi ndani ya chupa ya chai, anakaa kando ya kitanda na kumsuka nywele. Nilimruhusu kwa sababu hata kuku walimzoea. Akiingia bomani hakuna aliyekimbia. Kwangu huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Jioni moja mvua ilikuja kutoka ziwani. Wa kwetu wanajua ninachosema: kwanza upepo unainamisha mafunjo yote upande mmoja, kisha anga linakuwa rangi ya chuma, kisha ngurumo. Mabati yalitetemeka. Radi ilipiga mahali karibu sana hata koroboi ikataka kuzimika. Mama alishtuka, akashika tumbo kwa mikono miwili, nikamwona uso. Alikuwa anaogopa.

Ndipo nikakumbuka makaa.

Kesho yake nilichagua vipande vizuri kutoka guniani, vyeusi vinavyong'aa, visivyo na vumbi. Nilivifunga kwenye kitambaa cha kaptula ya zamani ya Baba ili visichafue shuka, na Mama aliposindikizwa chooni nikavisukuma chini ya godoro, pale tumbo lake linapokaa. Mvua iliyofuata ilinguruma mpaka kuku wakanyamaza. Mimi nililala usingizi mnono.

Makaa yakakaa pale kwa amani hadi Jumamosi moja. Dani alikuwa amekwenda kusaga mahindi. Waya Risper alikuja kusaidia kufua, na Baba hakwenda kazini. Wakamketisha Mama kwenye kiti chenye mito, Waya akainua godoro. Mimi nilikuwa bandani, nikasikia ukelele.

Nilipofika mlangoni, Waya alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani. Kile kifurushi kilikuwa kitandani, kimefunguka, na makaa yametapakaa juu ya mbao. Baba alikuwa amesimama kama mti.

"Hii makaa nani ameleta?" Waya aliuliza. Sauti yake safari hii ilikuwa ndogo, na hilo lilinitisha kuliko kelele. "Imefungwa na nguo ya mwenye nyumba. Imewekwa chini ya tumbo. Ndugu yangu, unaona? Na ya mwaka jana pia, ndio hivi ilienda."

"Usiseme hivyo, Risper," Mama akasema. Lakini midomo yake ilikuwa imekauka.

"Nisiseme? Ni nani anaingia hapa kila siku? Mimi, damu ya huyu mwanaume, nazuiliwa mlangoni. Lakini yule mwanamke wa Kaloleni anapita. Analeta uji. Anashika kichwa ya mtu."

"Rukia hawezi," Mama alisema.

Baba hakusema hawezi. Hilo nalikumbuka vizuri. Baba alikuwa mtu asiyeamini mambo ya uchawi, aliyacheka kila siku, lakini mwaka uliotangulia alikuwa amezika kitu ambacho hakuruhusiwa hata kukilia mbele za watu. Alijifuta uso kwa kiganja. "Labda," akasema, "labda apumzike kuja kidogo. Mpaka mtoto azaliwe. Halafu tutaona."

Mama alianza kulia bila sauti. Na wakati huo huo tukasikia nje, "Hodi wenyewe! Uji huo, una moto!" Mama Rukia alikuwa anakuja kutoka langoni, chupa ya chai kwapani, buibui ameinua lisilowe matope. Kuku wakimfuata.

Waya alinipita mlangoni akaenda kusimama kizingitini, mikono kiunoni. "Simama hapo hapo. Leo huingii."

"Kuna nini? Mama Akinyi mzima?"

"Wewe ndio utatuambia kama ni mzima. Tumeona makaa yako."

"Makaa yangu?"

Nilikuwa nimesimama kati yao, nikitazama juu, huku na huku. Sikuelewa hasira ile ilitoka wapi. Nilielewa tu kwamba Waya alikuwa akimpa Mama Rukia sifa ya kazi niliyoifanya mimi.

"Si yake!" nikasema. "Ni yangu! Mimi ndio niliweka!"

Kila mtu akanigeukia. Baba alichuchumaa mbele yangu. "Akinyi, uliweka makaa chini ya mama yako?"

"Ndiyo."

"Nani alikuambia?"

"Dani."

"Mayo!" Waya akashika kichwa.

"Dani aliweka kwa Madam," nikaendelea, nikianza kukasirika, maana ilikuwa wazi kwamba hawajui hata jambo dogo. "Mimi nikaweka kwa Mama. Mvua ikinguruma na hakuna makaa, yai linashtuka. Mnaacha tu Mama analalia yai bila makaa! Hamumgeuzi! Mnaingiza wageni wanamwangalia! Akishuka je?"

 

Mama ndiye aliyeanza. Nilisikia kitu kama kikohozi, nikageuka, mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikadhani bado analia. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka akishika tumbo kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono mwingine, machozi ya mwanzo na ya sasa yakichanganyika shavuni. "Omena!" akasema alipopata pumzi. "Kumbe ndio maana ya omena!"

"Usicheke!" Waya alipiga kelele, akimkimbilia. "Itatoka! Daktari amesema usicheke!"

"Hakusema hivyo," Baba akasema, naye alikuwa amekaa chini kabisa, sakafuni, amefunika macho. Mama Rukia aliketi pale pale kizingitini na buibui lake na matope yake, akacheka mpaka akanikabidhi chupa isije ikaanguka.

Waya alikuwa wa mwisho. Alisimama katikati yetu akijaribu kubaki na hasira, mdomo ukimponyoka upande mmoja, kisha upande wa pili, kisha akatoa kicheko chake chenyewe, kile cha kusikika ng'ambo. Hakusema samahani. Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo maishani. Alichofanya ni kuchukua ile chupa mikononi mwangu, akatafuta kikombe kizuri cha wageni, akamimina uji, na akampa Mama Rukia kwanza, kwa mikono miwili.

Dani aliporudi na unga kichwani, walimsimulia wote kwa pamoja. Alisikiliza, akaenda kitandani, akavitazama vile vipande. "Kwa mtu mkubwa hivi," akasema, "hii makaa ni kidogo."

Baba alijaribu kunirekebisha jioni ile. Alinipakata, akaniambia Mama hana yai, ana mtoto tumboni.

"Hata kifaranga yuko ndani ya yai," nikamjibu.

Alifikiri kidogo. "Ni kweli," akasema, na akaanza kupiga mluzi.

Mvua ziliendelea, maji yakapanda kutoka mafunjoni, na asubuhi moja tukakuta sakafu ya banda imefurika. Baba alivua viatu akaingia, akatoka na beseni la Madam kifuani, Madam mwenyewe akiwa juu, amekasirika, hakushuka hata hivyo. Pakavu palikuwa sebuleni tu. Kwa hiyo beseni likawekwa kando ya kitanda, na tangu hapo nikawa na walalaji wangu wote chumba kimoja. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile ya siku zile.

Mayai yalianza kulia kabla hayajapasuka. Mama ndiye aliyesikia. Alininyooshea mkono, nikachukua yai moja kutoka chini ya Madam, nikadonolewa kidogo, nikampa. Aliliweka sikioni, kisha akaliweka kwenye langu. Ndani kulikuwa na sauti ndogo sana, kama mtu anayegonga mlango huku akiomba radhi. Siku mbili nzima tulikaa hivyo, mimi na yeye, tukitazama nyufa zikienea, mdomo ukitokeza, kitu kilicholowa na kibaya kikianguka nje, kisha kikikauka na kuwa pamba. Mama alisahau kuogopa. Aliwapa majina, na nusu ya majina yalikuwa ya watu wa kanisani.

Yai moja halikupasuka. Dani alilichukua, akalitikisa karibu na sikio, akasikiliza, akaliweka kando.

"Hilo limekosa nini?" nikauliza.

"Hatujui. Mengine hukataa."

"Madam hakuligeuza?"

"Aligeuza. Alilalia yote sawasawa, nyakwara. Si kosa lake. Yai likikataa, si kosa la kuku."

Alinijibu mimi, lakini hakuwa akinitazama mimi. Mama aligeukia ukuta. Dani akavuta kigoda hadi karibu na kitanda, akakaa, na akaweka mkono wake mgumu mgongoni mwa mkaza mwanawe, akauacha pale. Mimi niliendelea kuwahesabu vifaranga na kukosea, kwa sababu hawakutulia. Ilinichukua miaka, na kuwa mama mwenyewe, kujua kilichosemwa chumbani mle.

Baada ya hapo wasiwasi ulikuwa wangu. Madam alikuwa amemaliza kazi, yuko nje anafukua udongo na watoto wake, na Mama bado. "Mama, unachelewa," nilimwambia kila asubuhi, naye alinijibu kwamba yai la mtu ni gumu zaidi. Vifaranga wakaota manyoya ya mabawa. Wakaanza kupigana. Hapo ndipo siku moja mchana, mvua ikinyesha ile ya kufunga njia, Mama alimwita Dani kwa sauti niliyokuwa sijaisikia. Baba alikuja na pikapu ya rafiki yake wa ufukweni. Mama Rukia alipanda naye nyuma ya dereva akimshika mkono, na Waya akabaki langoni akiomba Mungu kwa sauti ambayo bila shaka ilifika.

Mtoto alikuwa msichana. Kwa kuwa alikuja na mvua, aliitwa Akoth. Sasa ni mtu mzima mwenye kazi na kiburi, na hapendi kabisa niisimulie habari hii mbele ya wageni wake.

Walimleta nyumbani amefungwa kwenye shali ya manjano. Nilisubiri watu wazima wamalize kumshangilia. Wakamweka mapajani mwa Dani, nami nikapewa nafasi ya kumtazama. Nilifunua shali upande mmoja. Nikafunua upande wa pili. Nikatazama ndani ya mfuko wa nguo zilizotoka hospitali, chini kabisa.

"Unatafuta nini?" Mama akaniuliza.

"Ganda liko wapi?"

Waya alifungua mdomo, lakini Mama alimwinulia mkono. Alinitazama usoni, bila kucheka, kama mtu anayejibu swali la maana.

"Nimeliacha hospitali," akasema. "Lilikuwa zito."

Jibu hilo lilinitosha. Lilinitosha miaka mingi, hadi mwalimu wa sayansi aliponiharibia.

Kisha Mama akasimama. Hakuna aliyemshika mkono. Alipita kati ya wageni, akavua ndala mlangoni, akashuka uani kwa miguu mitupu, matope yakimpanda katikati ya vidole. Alitumbukiza mkono kwenye mkebe wa mahindi uliokuwa umening'inia ukutani, akajaza kiganja. Akatoa ule mwito wake.

Walikuja wote. Walitoka migombani na chini ya ghala, bata wakijikwaa, jogoo amesahau heshima yake, na Madam mbele na wale watoto wake waliokuwa hawajawahi kuusikia mwito ule lakini walikimbia tu kwa kuwa mama yao alikimbia. Walimzunguka hadi miguu yake haikuonekana. Mvua ikaanza tena, nyepesi, na Waya Risper akatoka kizingitini akapaza sauti, "Wewe mwanamke, ingia ndani! Utashikwa na baridi!"

Mama alijifanya hasikii. Alirusha mahindi, akajaza kiganja kingine, akarusha tena.